Upepo wa Saa Saba

Sindano ya geji ilianza kushuka saa saba na dakika tano mchana, kama ilivyoshuka jana, na juzi, na siku ile nyingine ambayo Atlee Raber alijidanganya kwamba ni macho yake tu yamechoka. Mia na ishirini. Mia na kumi. Tisini. Ilipofika sabini, mashine ya kutoboa mabamba ikaguna, ikateremsha ncha yake polepole mpaka juu ya chuma, ikagusa, ikaishia hapo hapo.

"We!" Atlee aliiambia. "We, usinifanyie hivyo leo."

Mashine ikatoa pumzi ya mwisho, fsss, ikanyamaza. Huko kibandani injini ya dizeli ilikuwa inaunguruma vizuri tu, kompresa inazunguka, mkanda haujalegea. Kila kitu kizima, na upepo hakuna. Sasa hapo mtu afanye nini kama si kuvua kofia na kujikuna kichwa?

Huku kwetu Holmes umeme wa nguzoni hatuuingizi nyumbani, kanisa letu linakataza, hilo halina mjadala, lakini chuma lazima kitobolewe na ng'ombe lazima wanywe maji. Kwa hiyo mwenye karakana anajaza upepo kwenye tangi, anautandazia mabomba, na upepo unafanya yote: unatoboa, unasaga, unapiga maji bandani, unazungusha hata cherehani ya mkeo. Atlee alikuwa amejifungia mitambo yake mwenyewe mwezi wa tisa. Tangi alilinunua mnadani, kubwa kama ng'ombe aliyelala. Mabomba aliyalaza kwa mteremko kidogo ili maji yasikae ndani yakaganda wakati wa baridi, na kila mwisho wa bomba akaweka koki ya kuyatolea. Viungo sabini na viwili, kila kimoja kimefungwa kwa katani na kutiwa tone la rangi nyekundu juu yake, kama alivyokuwa akifanya marehemu baba yake, Abner. Kujisifu kwetu ni dhambi, na Atlee analijua hilo tangu hajaota meno. Lakini siku ile tangi lilipojaa kwa mara ya kwanza, alimwambia jirani yake Monroe Keim, "Hutapata kiungo hata kimoja kinachovuja hapa." Alisema hivyo, kwa mdomo wake. Monroe alikuwepo na Monroe hasahau.

Na alichokuwa anahatarisha hakikuwa kidogo. Miaka tisa Atlee alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha milango, mwendo wa saa nzima kutoka nyumbani. Saa kumi na nusu alfajiri gari la Gary, dereva Mwingereza (Waingereza ndivyo tunavyowaita wote wasio wa kwetu, wanaoendesha magari ya injini sisi tukiwa na farasi, hata kama babu zao wametoka Poland), linapiga honi moja barabarani, na Atlee anatoka na chakula chake kwenye kopo. Akirudi, amekwisha, amelowa jasho, analala kwenye kiti kabla hajamaliza supu. Binti yake Treva, miaka minne, alikuwa anamjua baba wa aina moja tu, baba wa Jumapili. Mwezi wa nane ilitokea sikukuu kiwandani, katikati ya wiki, Atlee akaketi mezani asubuhi. Treva akashuka ngazi, akamwangalia, akarudi mbio juu kuvaa nguo za kanisani. "Leo Jumapili?" aliuliza mama yake. Watu wote walicheka isipokuwa Atlee. Yeye alitoka nje akasimama na farasi zizini muda mrefu.

Basi akaomba likizo ya wiki tatu bila malipo. Msimamizi wake akamwambia, "Nafasi yako naitunza mpaka Jumatatu likizo ikiisha. Usipotokea, nampa mwingine." Na Ervin Mast, mtengenezaji wa magari ya farasi kule bondeni, akampa kazi ya kumjaribu: vishikio mia tatu vya chuma, vile vinavyobeba ngazi unayokanyaga ukipanda gari. Vyote viletwe Jumamosi ya mwisho ya likizo, kabla ya saa sita mchana. Vikiwa sawa, Ervin atampa kazi ya mwaka mzima. Visipokuwa sawa, Jumatatu saa kumi na nusu, honi ya Gary.

Wiki ya kwanza mambo yaliharibika. Atlee alikuwa ametoboa vishikio tisini, ameshavikunja, amevipanga, Ervin akapita kuangalia. Ervin ni mtu mrefu mwenye ndevu nyembamba na maneno machache. Alichukua bolti mfukoni akaisukuma kwenye tundu. Haikuingia. Akachukua kishikio kingine, bolti ikaingia nusu. Kisha akapitisha kidole ukingoni, akakitoa kina damu.

"Ncha yako imelika," alisema. "Matundu madogo, na makali kama wembe. Mke wangu akipanda gari, yeye anaingia ndani, gauni linabaki kwenye ngazi."

"Nitanunua ncha mpya, Ervin."

"Nunua." Akafunga kidole kwa leso, akaondoka.

Atlee alinunua ncha mpya siku hiyo hiyo. Vile tisini alivihesabu kuwa hasara, maana kuvipanua matundu na kuvisaga kimoja kimoja kungemla wiki nzima. Alivibwaga kwenye pipa la vyuma chakavu nyuma ya banda la kuku, akaagiza bamba jingine kwa muuza chuma, akaambiwa litafika Alhamisi ya wiki ya tatu. Akaendelea na kazi. Siku nne tano hivi mashine ikawa inatoboa, tak, tak, tak, unasikia raha. Halafu ndipo upepo wa saa saba ukaanza kupotea.

"Labda ni shetani wa mchana," alisema mkewe Wilma Jumatano hiyo mashine iliponyamaza, akiwa amesimama mlangoni na sahani ya tambi za kuku.

"Usinitanie, Mama Treva. Bomba linavuja mahali."

"Asubuhi halivuji?"

"Halivuji."

"Saa kumi?"

"Saa tisa tu linapona lenyewe."

"Bomba lenye adabu hilo," Wilma alisema. "Linavuja kwa zamu." Akaweka sahani juu ya jiriwa. "Na wewe ule umekaa, jamani. Umetoka kiwandani ili uwe nyumbani, sasa umehamia karakana. Treva akiamka umeshaingia, akilala hujatoka. Tofauti na Gary iko wapi? Angalau Gary ana viti."

Atlee alikuwa na tambi mdomoni. Alichukua ndoo, akamimina sabuni yote ya vyombo ya Wilma na maji, akatafuta brashi ya rangi, akaanza kazi ya kupaka povu kiungo baada ya kiungo. Panapovuja panatoa mapovu, ndiyo njia ya wote. Alipaka ndani ya karakana, akapaka kibandani, akapanda ngazi akapaka darini. Hakuna povu lililopanda. Akarudia. Sabuni ikaisha, akaenda kuchukua ya kufulia, na kwa hilo alisikia maneno.

Haya yote aliyafanya kimya kimya, akikanyaga kama paka, kwa sababu kuanzia saa saba mpaka saa tisa mama yake alikuwa amelala.

Mama yake ni Saloma. Miaka sabini na sita, mwembamba, mgumu, mikono mikubwa kuliko mwili wake. Wilayani wanamwita Abner Saloma, kwa jina la mumewe mbele kama desturi yetu, na bado wanamwita hivyo ingawa Abner amezikwa miaka miwili sasa. Alikaa kwenye nyumba ndogo uani, hatua thelathini kutoka jikoni kwa Wilma. Miaka arobaini alikuwa ameshinda kwenye karakana ya Abner, kwenye moto na nyundo, kwa kuwa walizaa mabinti sita kabla ya Atlee na Abner hakuwa na wa kumshikia vitu. Ndivyo Atlee alivyokuwa akisema siku zote: mama alikuwa akimshikia baba vitu. Baada ya mazishi, Atlee mwenyewe alichukua aproni ya ngozi ya mama yake akaitundika msumarini. "Mama, umefanya kazi ya kutosha," alimwambia. "Sasa pumzika." Alisema kwa upendo, na Saloma hakubisha. Alianza kushona mablanketi ya viraka kama wajane wenzake, na hivi karibuni akaanza kulala mchana.

Na alikuwa analala kwelikweli. Mapazia yanashushwa, mlango unafungwa, Treva anapita uani na viatu mkononi.

"Leo Mama kakoroma," Wilma alisema, "mpaka kioo cha dirisha kinatetemeka. Nilimpelekea maziwa nikaogopa kugonga."

"Mwache alale. Uzee huo."

"Na kuku wake wamezidi uvivu. Asubuhi namwona anatoka bandani na kikapu amekishika kwa mikono miwili, kimemlemea, mgongo umepinda. Nikienda kuangalia, mayai manne."

"Mwambie asibebe vitu vizito," alisema Atlee, akiendelea kupaka sabuni. Jamani, mtu anaweza kuwa na macho mawili mazima na bado asione kitu.

Alhamisi Monroe Keim akaja. Monroe ni mnene, mchangamfu, anacheka kabla hajaanza kusema. Alimkuta Atlee amelala chali chini ya bomba, ndevu zina povu.

"Unanyoa?" Monroe aliuliza.

"Ondoka, Monroe."

"Hapana, nauliza tu. Maana kuna mtu aliniambia hapa hakuna kiungo hata kimoja kinachovuja. Nimemsahau jina. Alikuwa mtu mnyenyekevu sana."

"Ulikuja kunicheka au kunisaidia?"

"Nilikuja kukuletea habari, ila kucheka nacheka bure." Kisha uso wake ukabadilika, akajikuna shingo. "Nimepita kwenye kibanda cha simu tunachotumia wote. Muuza chuma kakuachia ujumbe. Bamba lako haliji leo. Anasema Jumanne."

Atlee alikaa. Povu lilimdondoka kidevuni.

"Jumanne gani?"

"Jumanne ijayo, ndugu yangu."

Alikuwa na vishikio mia na sabini vilivyokamilika. Chuma kilichobaki kilitosha arobaini. Hata kama upepo ungerudi sasa hivi na usipotee tena maisha yake yote, angefikia mia mbili na kumi, basi. Tisini havipo. Ervin Mast hakuwa mtu wa kupokea nusu ya kazi. Wilaya nzima inajua aliwahi kurudisha gurudumu kwa sababu ya ufa usiozidi unywele.

"Mwambie Ervin ukweli," Monroe alisema, safari hii bila utani.

"Nitamwambia. Halafu Jumatatu nitampungia Gary mkono."

Jioni ile alikula mezani na wenzake, kwa kuwa haraka ilikuwa imemwishia. Treva alikuwa ameshalala. Wilma alimkatia pai ya tufaha kipande kikubwa cha mtu aliyefiwa. "Tulijaribu," alisema, na Atlee akaona jinsi alivyogeuka upesi kwenda kuosha vyombo, akaumia.

Ijumaa aliamka na hasira. Hasira nayo ina kazi yake. Akasema kichwani, sawa, narudi kiwandani, lakini siondoki hapa bila kujua huu upepo unakwenda wapi. Saa saba kamili alisimama mbele ya geji. Saa saba na dakika tano sindano ikaanza. Hakugusa sabuni. Alikimbia kwenye koki kuu, akafunga bomba la jikoni. Sindano ikaendelea kushuka. Akalifungua, akafunga la karakana. Ikashuka. Akafunga la bandani, lile linalokwenda kuwapigia ng'ombe maji.

Sindano ikasimama. Ikaanza kupanda.

"Nimekupata!" alipiga kelele, akasahau kabisa kwamba mama amelala.

Alifungua koki tena, akachukua ndoo na brashi, akalifuata bomba la bandani kwa miguu. Lilipita nyuma ya banda la kuku, likapita ukutani kwa nyumba ndogo ya mama yake, nyuma ya kuni zilizopangwa. Hapo palikuwa na vyungu vya maua ambavyo hakuvikumbuka. Mwezi wa kumi na moja huu, maua yamekufa yote, na vyungu vinne vimepangwa mstari kama askari mbele ya bomba. Alivisogeza.

Kulikuwa na kiungo cha njia tatu ambacho yeye hakukiweka. Kutoka hapo bomba jembamba liliingia kwenye tundu la ukuta, moja kwa moja ndani ya nyumba ya mama yake.

Atlee alichutama. Kwa mazoea tu alikipaka sabuni. Hakuna povu hata moja. Katani imezungushwa kwa mkono uliotulia, nyuzi hazijajitokeza, meno ya bomba yamekatwa safi kuliko yake, na juu ya kiungo, hapo hapo panapostahili, tone la rangi nyekundu. Alikiangalia mpaka magoti yakamuuma. Kilikuwa kiungo cha baba yake, na baba yake alikuwa amezikwa miaka miwili.

Ndipo akausikia ukuta. Ulikuwa unakoroma. Lakini mtu hakoromi hivyo, akaacha, akakoroma tena kwa sauti nyembamba zaidi. Hiyo ni grenda, mashine ya kusagia chuma.

Hakugonga. Alifungua mlango akaingia.

Saloma alikuwa amesimama mbele ya meza yake ya kushonea, kofia yake nyeupe imejaa vumbi la chuma, miwani ya marehemu puani, aproni ya ngozi kifuani. Jiriwa ilikuwa imefungwa kwenye ukingo wa meza. Mkononi grenda ya upepo, na kwenye jiriwa kishikio, kingo zake zinang'aa. Kitandani, juu ya blanketi la viraka, vilipangwa vishikio kumi kumi, safi kama mikate iliyotoka tanurini. Chini palikuwa na kikapu cha mayai kimejaa vyuma.

"Funga mlango," Saloma alisema. "Unaingiza baridi."

Atlee akafunga. Akakitazama kikapu, akaitazama grenda.

"Mama. Ni wewe unayeniibia upepo?"

"Nani kaiba? Nimeazima."

"Wiki nzima napaka mabomba sabuni!"

"Nimekuona dirishani," alisema Saloma. "Yamependeza. Mabomba ya baba yako hayakuwahi kuoshwa vile."

Atlee alitaka kukasirika. Alijitahidi kabisa, alikunja hata uso. Lakini kicheko kilimtoka tumboni chenyewe, akakaa kitandani kati ya vyuma akicheka mpaka machozi, na Saloma akamwangalia juu ya miwani, kona ya mdomo ikimcheza.

"Hii grenda inakula upepo kuliko mashine zangu zote!"

"Najua. Ndiyo maana nilichagua saa yako ya kula. Nani alijua kama huli? Mkeo anakulalamikia kila siku, husikii."

"Ni vile tisini?"

"Sabini na moja vimekwisha. Bado kumi na tisa. Napanua tundu kwa keekee, nasaga kingo, najaribu na bolti. Niliviona vimetupwa pipani nikasema, huyu mtoto ana wazimu, chuma kizima hiki. Nilitaka nikuwekee vyote mlangoni kesho asubuhi, basi, niondoke zangu."

"Na kiungo kile? Nani alikufungia?"

"Siku ya harusi ya binamu yake Wilma. Mlipokuwa mnaondoka nikasema goti linaniuma, nikabaki."

"Siulizi lini. Nauliza nani. Ni mkono wa baba ule. Kina tone jekundu."

Saloma aliweka grenda chini. Alivua miwani akaifuta kwa pindo la gauni, polepole, kama mtu anayepima kama jambo linafaa kusemwa au la.

"Baba yako," alisema, "alikuwa fundi wa moto. Mfano wake sijauona. Lakini mtu yule alikuwa na subira ya kuzungusha katani? Abner? Alikuwa anakata bomba, anakaza mara moja, analipiga teke likivuja. Mabomba yalikuwa kazi yangu, Atlee. Tone nilikuwa naweka mimi, nijue kipi nimeshakikaza na kipi bado."

Atlee aliwaza viungo vyake sabini na viwili. Kila alipotia tone lile alikuwa amemkumbuka baba yake na kuona fahari, na mama yake alikuwa akipita uani na kikapu, anaona, anapita.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Na ningekuambia, ungesema, Mama, kapumzike." Alipangusa vumbi la chuma mezani. "Nimepumzika miaka miwili, mwanangu. Nimechoka."

Atlee alisimama. Alimshika mama yake mabega, jambo ambalo sisi hatulifanyi sana, akamshika hivyo na vumbi lake lote.

"Nisamehe, Mama."

"Haya, haya," Saloma alisema, akampiga kifuani kwa kiganja. "Kulia hakusagi chuma. Una vingapi vya kutoboa?"

"Arobaini."

"Mimi kumi na tisa. Upepo haututoshi kwa pamoja, tutapeana zamu. Beba jiriwa, tunahamia kwako. Wewe ukitoboa, mimi napima na kukunja kwa mkono. Mimi nikisaga, wewe unakunja. Na usinishikie vitu. Sipendi kushikiwa vitu."

Basi walifanya kazi mchana ule, mama na mwana, na sindano ilishuka na kupanda wao wakiifuata. Saloma hakusema mengi ila kusema "Hapana," na Atlee alikuwa anarudia. Wilma alipokuja kuona kulikoni, alisimama mlangoni mkono mdomoni, kisha akacheka kiasi cha kuwashtua kuku. "Na mimi nilikuwa natembea kwa ncha za vidole!" alisema. "Wiki nzima! Mama, una dhambi wewe." Akakunja mikono ya gauni, akaanza kupanga vishikio kwenye masanduku. Kabla giza halijaingia kishikio cha mia tatu kilikuwa kwenye jiriwa, na Saloma akakipitishia tupa mara mbili zaidi, kisa hakuna, kwa raha tu.

Jumamosi saa nne Atlee alifunga farasi kwenye gari la mizigo, akateremka bondeni. Kwa Ervin Mast walikuwepo wanaume wanne watano wakisubiri magari yao, na Monroe Keim miongoni mwao, bila shaka, ameegemea gurudumu. Ervin hakusalimu sana. Alifungua sanduku la kwanza, akatoa bolti mfukoni. Ikaingia. Akapitisha kidole, kile kile chenye kovu. Akamwita mkewe kutoka jikoni, mkewe akaja na mikono ya unga, akasugua pindo la gauni lake kwenye chuma, huku na huku. Halikushika hata uzi. Akarudi kwenye mkate wake.

Ervin alipita sanduku baada ya sanduku. Halafu akasimama, akarudi nyuma, akatoa kishikio kimoja akakiinua kwenye mwanga, akatoa na kingine.

"Hivi viwili havikutoka kwa mkono mmoja," alisema. "Hiki ni kizuri." Aliinua kile cha pili. "Hiki ni zaidi ya kizuri. Nani kakisaga?"

Wanaume wote wakageuka. Atlee angeweza kusema "Sisi," neno fupi, la unyenyekevu, na asingekuwa amedanganya.

"Abner Saloma," alisema. "Na viungo vya mabomba vya baba yangu, vile mnavyovisifia mpaka leo, navyo ni vya Abner Saloma. Nimejua jana."

Monroe aliacha kuegemea. Mzee mmoja akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Ervin Mast alikizungusha kile kishikio mkononi muda mrefu.

"Hapa kwangu bomba la Abner limetimiza miaka thelathini," alisema. "Halijavuja siku hata moja." Akakiweka chini taratibu. "Vishikio mia tatu kila mwezi, Atlee. Mwaka mzima. Lakini nataka vyote viwe kama hivi. Mwambie hivyo."

"Nitamwambia. Ila sijui kama atakubali kunipokea kazini."

Hapo hata Ervin alicheka. Na Monroe, njia nzima ya kurudi, gari lake likiwa nyuma ya la Atlee, alikuwa anapaza sauti akiuliza kama kuna mtu anajua mahali panapouzwa sabuni.

Jumatatu saa kumi na nusu alfajiri honi ya Gary ililia barabarani. Atlee alitoka na soksi tu, akaegemea dirisha la gari.

"Leo?" Gary aliuliza.

"Leo sipandi. Wala kesho."

"Nitakukumbuka. Ulikuwa unalala bila kuegemea watu," Gary alisema, akampa mkono, akaondoka. Atlee alisimama gizani akizitazama taa nyekundu mpaka zikapotea kilimani. Moyo ulikuwa mwepesi hata akaona haya. Huko kibandani injini ikawaka. Hakuwa ameiwasha yeye.

Lakini hakwenda karakana. Alirudi ndani akakaa mezani, akanywa kahawa ya kwanza, akanywa ya pili, Wilma akamkaangia mayai, mengi safari hii, na jua likatoka. Kisha ngazi zikalia. Treva alishuka na nywele zimesimama, akafika ngazi ya mwisho, akamwona.

"Leo Jumapili?" aliuliza.

"Hapana," Atlee alisema. "Jumatatu."

Treva alifikiri. Alimwangalia mama yake kuhakikisha, Wilma akatikisa kichwa kukubali. Mtoto akavuka jiko, akapanda magotini kwa baba yake, akajivutia sahani ya mayai, akaanza kula.